Nimetunga wimbo wa mama kwa Kipemba. Niuimbe mbele ya nani kwanza?

Binti wa Konde

Assalaam alaykum ndugu zangu wa visiwani na mlioko mbali. Nina jambo langu la wimbo, nimeona nililete hapa kwa sababu humu mna wapigaji wa zamani, mna Wapemba wenzangu, na mna watu waliofiwa kama nilivyofiwa mimi.

Mimi mtu wa Konde, Pemba. Nilivuka kuja Unguja kusoma muziki, nikajifunza noti, udi kidogo, na sauti zaidi. Sasa naimba na bendi ndogo: udi, fidla, kanuni ile ala ya nyuzi nyingi, ngoma ya dumbaki na mimi. Kazi zetu nyingi ni hoteli za Nungwi na Kiwengwa, na harusi za mjini zikitokea. Tunapiga taarab ya zamani. Nalipwa, nakula, namtumia baba chochote mwisho wa mwezi. Kazi yenyewe naipenda.

Mama yangu alikuwemo katika meli iliyozama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Alikuja Unguja kwa mama mdogo aliyekuwa kajifungua, akakaa naye mpaka Idd ikapita, ndipo akapanda meli ya usiku kurudi nyumbani. Mimi ndiyo kwanza nimeanza skuli. Baba alivuka kwenda kumtafuta viwanja vya Maisara, pale zilipowekwa maiti chini ya mahema ili watu watambue jamaa zao. Hakumwona. Alirudi na kanga moja ya mama, aliyoifua kwa mama mdogo akaisahau kwenye kamba. Kaburi hatuna. Yule mtoto aliyezaliwa siku zile sasa anaota ndevu, na kwetu mtu akitaka kujua imepita miaka mingapi humtazama yeye.

Nyumbani hakuna aliyekataza mambo haya yasizungumzwe, ila hayazungumzwi. Khitma inasomwa kila mwaka, watu wanakula, wanaitikia dua, wanaondoka. Nami nikakua hivyo. Nilipoanza kupelekwa Nungwi kuimba, vyombo vinapangwa ufukweni, wageni wanakaa na bahari iko nyuma yangu, ile ile. Mwaka jana sauti ikaanza kunikatika. Daktari wa koo kanitazama, kasema koo zima. Lakini nikifika mahali pa kuvuta sauti ndefu, pumzi inaishia hapa kifuani, haishuki. Wenzangu wakadhani nimechoka. Nikapumzika, haikusaidia.

Msimu wa karafuu ukaja nikenda kumsaidia shangazi kuchambua. Kwa asiyeijua kazi hii: karafuu zinatoka shamba zikiwa kwenye makonyo yake, vishada vizima vizima. Usiku baada ya isha wanawake mnakaa juu ya majamvi, taa katikati. Unashika kishada kwa mkono mmoja, unakisugua juu ya kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinamwagika mbele yako na konyo unalitupa pembeni. Malipo ni kwa pishi, kipimo chetu cha ujazo. Vidole vinaingia weusi na vinawaka, na ile harufu hailali hata ukioga kwa sabuni gani. Basi shangazi, bila kusema lolote, akaanza wimbo wa mama. Nani aliutunga mwanzo sijui, pengine ni wa bibi zao, lakini nyumbani kwetu ni wa mama kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiuongoza na wenzake wakimpokea. Una maneno machache, ya Kipemba cha kwetu hasa, ya kumwambia mtoto asisinzie, pishi haijajaa bado. Nikapokea. Nikapokea tena. Kisha nikalia kwa sauti, na wale wanawake wakaendelea kuimba na kuchambua, hakuna aliyeniambia nyamaza wala aliyekuja kunishika. Usiku ule pumzi ilishuka mpaka chini ya kitovu.

Niliporudi Unguja nikatunga. Nimechukua sauti ya wimbo ule na kipokeo chake, nikatia beti zangu: ubeti wa kanga kwenye kamba, ubeti wa mahema ya Maisara, ubeti wa baba anavyokaa barazani na redio yake, na mmoja wenye jina la mama. Zote kwa Kipemba. Sikukaa nikachagua lugha, zilikuja hivyo.

Kiongozi wa bendi yetu ameusikia na ameupenda mno. Anataka tuupige kwenye onyesho kubwa linalokuja, lenye wageni wengi na watu wa kurekodi. Lakini ana masharti. Anataka niugeuze uwe Kiswahili cha kila mtu, maana Kipemba watu wa mjini watacheka na wa bara hawatafahamu. Tena anasema mistari haina mizani, huu mrefu huu mfupi, dumbaki haipati pa kukaa. Ni kweli hailingani. Wimbo wa kuchambua unafuata kishada: kikiwa kikubwa mstari unakwenda, kikiwa kidogo unakatika hapo hapo. Mama aliuimba hivyo. Nikiisawazisha nasikia kama namwimba mama wa mtu mwengine.

Na kubwa kuliko yote ni baba. Hajapata kunisikia nikiimba jukwaani. Hakunikataza, hakuniruhusu. Wala hajui kama kuna wimbo wenye jina la mkewe.

Nauliza: nianzie wapi? Ruhusa ya wimbo kama huu inatoka kwa nani? Na Kipemba nikishike au nikiache?

Fidla ya Ng'ambo

Wa alaykum salaam mwanangu. Mungu amrehemu mama na awape subira. Mimi napiga fidla tokea ujana wangu, kidumbaki kwanza, ule muziki wa ngoma ndogo mbili, taarab baadaye, kwa hiyo nitasema ninayoyajua na mengine watasema wenyewe.

Tuanze na Kipemba. Siti binti Saad alitoka Fumba, shamba, katika watu wa kufinyanga vyungu. Kabla hajaimba popote alikuwa akiuza vyungu, na biashara ile ni ya kupaza sauti. Mwaka 1911 akahamia mjini. Taarab ya wakati ule ilikuwa ya Kiarabu, Sultani Barghash aliileta kutoka Misri ikawa ya kasri, na chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905 kikaiendeleza. Akaja mwanamke wa shamba akaimba kwa Kiswahili. Walimfanyia nyimbo za kumkejeli, wakamtaja ushamba wake, wakamtaja kaniki aliyokuja nayo, wakamtaja sura. Yeye akaimba Kiswahili cha watu waliomzunguka, akaimba kesi za mahakamani, akaimba wanawake waliodhulumiwa mpaka kuuawa. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi, na sahani zake za santuri zikaenea pwani yote. Waliocheka leo hatuwajui. Kwa hiyo anayekwambia watu watacheka mjibu kwa adabu kwamba wacheke. Mtu wa bara asiyefahamu neno atafahamu sauti, na akitaka neno atauliza, kama sisi tulivyokuwa tukiuliza maneno ya nyimbo za Misri.

Sasa mizani, na hapa nisikilize vizuri maana ndiyo kazi yangu. Mistari isiyolingana si kasoro. Katika taarab kuna mahali dumbaki inanyamaza kabisa, mwimbaji anatoa sauti peke yake, na fidla au kanuni inamfuata kwa nyuma, inamjibu, inamngoja. Hapo hakuhesabiwi mizani, huhesabiwa pumzi. Beti zako zote ziweke hapo. Mrefu uwe mrefu, mfupi ukatike. Kipokeo ndicho kitiwe mizani, kwa sababu kinapokewa na wengi na mikono inataka kupiga. Dumbaki iingie kwenye kipokeo na itoke kipokeo kinapokwisha. Mpigaji dumbaki mwenye masikio hatapata tabu, asiye na masikio hata ukimsawazishia mistari atakuharibia.

Bashraf ndefu, ile ya ala tupu ya kufungulia, usikubali. Kwa wimbo huu itakuwa inamchelewesha mtu mlangoni. Anza na sauti yako kavu. Na kanuni mimi ningeiweka chini, badala yake ningetia mkwasa, vile vijiti viwili vya kwenye kidumbaki, vipigwe taratibu juu ya mbao. Mlio wake ni mkavu na mfupi, uko karibu na konyo linapovunjika. Fidla iwe na mistari mirefu isiyo na mapambo. Nimeona vijana wa fidla siku hizi hawawezi kushika noti moja wakatulia nayo.

Kuhusu nani kwanza. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, tulikuwa tukimwona Ngome Kongwe anapanda jukwaani wageni wanasimama wote. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Lakini ngoma ile ya unyago aliyoifunga kiunoni akaipiga mbele ya dunia, alikuwa akiipiga kwanza ndani, kwa wari, kuwafunda. Ilikuwa na wenyewe kabla haijawa na wasikilizaji. Wimbo wako pia una wenyewe, nao ni wale wanawake wa kwenye majamvi. Ruhusa yako ya mwanzo, kwa maoni yangu, iko kwa shangazi. Yeye ndiye aliyeuanzisha usiku ule. Hakuuanzisha bure.

Mama wa Tumbe

Mwanangu wa Konde, sisi ni majirani. Mimi katika meli ile nilimpoteza kaka yangu na mkewe. Mke alipatikana, akazikwa. Kaka hakuonekana. Watoto wao nimewalea mimi, mkubwa ameoa juzi.

Nimeyasoma maneno yako yote, na huo ubeti wa kanga umenikaa. Lakini nitakwambia jambo kama mama, usinichukie. Usiitie meli. Usiyatie yale mahema. Waliokuwepo Maisara wanayajua, na wasiokuwepo hayawafai kitu. Mimi nilikwenda na mume wangu, nikapita baina ya zile maiti nikinyanyua shuka, na mpaka leo nikiona hema la harusi limefungwa mapema kabla watu hawajaja, nazunguka njia nyengine. Sasa nikae redioni nisikie mtoto wa jirani anaimba mahema? Nitazima.

Tunaivuka bahari ile kila mara, hatuna njia nyengine. Ukipanda boti Malindi, mkishafika mkondo wa Nungwi utawaona wanawake wa Kipemba wanatoa tasbihi, wanavuta mtandio mbele. Hakuna anayemwambia mwenzake kitu. Sisi huko ndiko kuzungumza kwetu, wala usidhani tumesahau au tunaogopa.

Wimbo wa karafuu naujua, ijapokuwa kwetu Tumbe unaimbwa kwa maneno mengine kidogo. Mama yako simkumbuki kwa sura, lakini waliokuwa wakiongoza kuchambua Konde tulikuwa tunawasikia sifa zao. Mwimbe alivyokuwa anachambua. Mwimbe alivyokuwa anakuamsha usisinzie. Mwimbe hai. Hiyo nitaisikiliza, na nitawaita na watoto wa kaka yangu waje wasikilize.

Na hotelini usiuimbe kamwe. Hapo sina maelezo marefu, moyo wangu unakataa tu.

Mzaliwa wa Wete, Melbourne

Poleni nyote. Naandika kutoka Australia, na swali lako limenikumbusha mtu ambaye nyimbo zake zilinishika nilipofika huku.

Anaitwa Archie Roach, mwenyeji wa asili wa nchi hii, wa kabila la Wagunditjmara na Wabundjalung. Alizaliwa 1956. Wakati ule serikali za huku zilikuwa zinawachukua watoto wa wenyeji kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao na kuwapeleka kwenye makambi au kwa walezi wa Kizungu, ili wasahau kwao. Miaka mingi ilifanywa hivyo. Archie alichukuliwa akiwa mdogo sana kutoka Framlingham, na mwisho akalelewa na familia moja iliyompenda na kumfungulia mlango wa muziki. Kisha, akiwa kijana wa skuli, ikamfikia barua kutoka kwa dada yake wa damu, ambaye hata hakujua kama yupo: mama yao amefariki. Fikiria kumpata mama na kumpoteza katika karatasi moja. Akaondoka nyumbani, akaishi mitaani, ulevi ukamshika miaka. Adelaide akakutana na Ruby Hunter, msichana asiye na nyumba na yeye pia aliyechukuliwa utotoni. Wakapata watoto, wakaacha pombe, wakaimba pamoja mpaka Ruby alipofariki 2010.

Alitunga wimbo kuhusu watoto wale waliochukuliwa. Kabla ya kuurekodi aliuimba mbele ya wenyeji wenzake, wakati wa maandamano yao ya 1988, nchi ilipokuwa inasherehekea miaka 200 tangu Wazungu waje kukaa. Mwaka uliofuata mwanamuziki mmoja maarufu wa huku, Paul Kelly, akamwita afungulie onyesho lake katika ukumbi mkubwa wa Melbourne. Wasikilizaji karibu wote Wazungu. Akaimba wimbo ule, akamaliza, ukumbi kimya. Akajua hawakuupenda, akageuka aondoke jukwaani. Ndipo makofi yakaanza, kidogo kidogo, yakajaa ukumbi mzima. Walikuwa hawajapata pumzi ya kupiga.

Alipata kueleza kwamba kila akiuimba wimbo ule kulikuwa na kitu kinatoka ndani yake. Sikusomei haya ili nikwambie uende hotelini. Nakwambia utaratibu aliouchukua: watu wake walikuwa wameshausikia, kwa hiyo ule ukimya wa ukumbini haukuwa na uwezo wa kumvunja.

Jambo jengine. Miongoni mwa wenyeji wa huku ni desturi kwamba mtu akifa jina lake halitajwi na picha yake haionyeshwi, mpaka wenyewe waseme. Archie alifariki tarehe 30 Julai 2022, na familia yake ndiyo iliyotoa ruhusa jina na picha viendelee kutumika, ili kazi yake iendelee kuwapa watu nguvu. Swali lako la jina la mama, kwa hiyo, lina watu wengi duniani wanaolichukulia kwa uzito. Mulize baba kuhusu jina. Beti nyengine ni zako, ila jina ni la nyumba nzima.

Na Kipemba usikiache. Archie alilelewa kwa Kiingereza akaimba kwa Kiingereza, lugha ya wazee wake hakuachiwa nafasi ya kukua nayo. Wewe ya mama yako unayo kinywani.

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum. Kuhusu ala za muziki wanavyuoni wana kauli zao, sitaki kugeuza mada kuwa ugomvi, ila mimi binafsi ningekushauri wimbo huu uuimbe kwa sauti tupu.

Nilitaka kusema mawili. Aliyekufa maji amehesabiwa na Mtume, rehma na amani zimshukie, miongoni mwa mashahidi. Mama yako anasaliwa ingawa maiti haikuonekana, na wengi wa siku ile walisaliwa hivyo. Kukosa kaburi hakumpunguzii chochote. Na la pili, kulia si kosa. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, ila hatusemi isipokuwa lenye kumridhi Mola. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga makelele na kupinga kadari. Basi zipime beti zako kwa hapo. Ubeti wa dua ukiwemo, sidhani kama mzee wako atakuwa na la kukataa. Lakini mwendee kabla hajaupata kwenye simu ya mtu. Hilo kwa baba ni kubwa kuliko wimbo wenyewe.

Muuguzi Chake

Nimesoma harakaharaka nikiwa zamu. Dada, hilo la pumzi kuishia kifuani na koo likawa zima, tunaliona kwa watu waliofiwa, hata baada ya miaka. Wimbo umekusaidia, Alhamdulillahi, endelea. Ila kama usingizi unakukimbia, au chakula hakishuki, au unapata hofu ukiiona bahari, nenda ukazungumze na mtaalamu wa afya ya akili. Usiogope maneno ya watu. Wengi wakisikia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya akili ya Unguja, wanadhani ni mahali pa waliovua nguo barabarani tu, na ndiyo maana watu wanachelewa kuja. Kuimba na kutibiwa havigombani.

Binti wa Konde

Ahsanteni sana wote, nimewasoma na kurudia.

Muuguzi, usingizi upo. Hofu ya bahari nilikuwa nayo, siku hizi imepungua. Nimeuchukua ushauri wako na kuna mtu nitakayemwona.

Mama wa Tumbe, shikamoo. Nimekaa na maneno yako zaidi ya ya wengine. Ubeti wa mahema nimeutoa. Nilidhani wimbo bila ubeti ule utakuwa unaficha, lakini mimi Maisara sikuwepo, alikuwepo baba, na ulikuwepo wewe. Ni kitu chenu, nilikibeba kwa sababu ndicho pekee nilichosimuliwa. Wa kanga unabaki, kwani kanga ipo, iko kabatini kwetu na nimeishika. Mahala pa ule ubeti nimetia wa kuamshwa usiku kwa kugongwa kifundo cha mguu na kishada cha karafuu, maana ndivyo alivyokuwa akitufanyia tukisinzia. Hotelini sitauimba. Hilo nimekubali bila ya kuelezwa zaidi.

Shangazi nimempigia simu. Nilidhani nitaeleza sana. Alinisikiliza akasema, "Mimi nilikuanzishia, sasa unaniuliza nini?" Kisha akaniambia msimu ujao nije mapema, nisije karafuu zishakwisha kuanikwa. Nikamwimbia ubeti mmoja kwenye simu, akanisahihisha neno, akasema mama yako hakuwa akilisema hivyo, analisema hivi. Neno lenyewe nilikuwa nimelipeleka mjini bila kujijua.

Baba sijamwambia bado. Nakwenda Pemba Ijumaa. Maalim, nimekusikia, sitamngojea aupate kwenye simu. Nitamuuliza jina tu, kama alivyosema ndugu wa Melbourne. Akikataa, ubeti ule utaimbwa bila jina, watu wa Konde watajua ni nani na wengine haiwalazimu kujua.

Kiongozi wa bendi ameghadhibika kidogo kwa sababu onyesho alikwisha kulipangia. Nimemwambia tutapiga nyimbo nyengine, na huu utakuja ukishaimbwa kwetu. Juu ya Kipemba nimemwambia sitageuza. Juu ya mizani nimemwonyesha maneno yako, Fidla, akayasoma akanyamaza, akaniuliza wewe ni nani. Sikumwambia maana sijui.

Nina swali moja kwako. Kipokeo nikiimba na wanawake wa majamvini tunaanza chini sana, nikiwa na bendi wananipandisha kwa sababu fidla na udi zimetengenezwa huko. Nikipanda nabana koo. Nifanyeje?

Fidla ya Ng'ambo

Mwache ajiulize, tutaonana.

Usipande. Ala ndiyo inayomfuata mtu. Mwambie mpigaji udi alegeze nyuzi zote kwa pamoja, hatua nzima au zaidi, mpaka zifike unapoanzia wewe. Udi ukilegezwa unatoa sauti pana, ya kiume zaidi, itakufaa. Fidla nayo ishuke vivyo hivyo. Wapigaji hawapendi kwa sababu vidole vinahisi uzi mlegevu, lakini wakikaa nao siku mbili wanazoea. Kanuni ndiyo ngumu, nyuzi zake nyingi, na nilishakwambia iache.

Ukifika Konde, washa simu urekodi wakiimba wenyewe juu ya majamvi, simu iweke mbali kidogo na taa, wasikuone unaishika. Usiwaambie waanze upya wakikosea. Uniletee nisikie wanapoanzia, nitakuandikia mistari ya fidla ya kipokeo peke yake. Nipo Michenzani kila jioni baada ya magharibi, uliza wapiga kidumbaki, watakuleta. Na msalimie shangazi.